Kabla hujaenda Manti, jimbo la Utah, Marekani: mambo ya kujua kuhusu mji na kile kilima chake

Kwanza kabisa jua hili, ndani ya hekalu la Manti, lile la Wamormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) lililo juu ya kilima, hauingii kama si muumini mwenye kibali. Nalisema mapema maana kutoka Salt Lake City ni karibu masaa mawili kwa gari kuelekea kusini, inauma kufika mlangoni ndo unaambiwa. Mwaka 2024 baada ya ukarabati walifungua kwa kila mtu kwa wiki chache tu, Machi mpaka mwanzoni mwa Aprili, alafu basi. Kwa wale ambao ni waumini, kibali ulichopewa Nairobi au popote pale kinatumika, usikisahau nyumbani. Sisi wengine tupange safari ya nje, na nje kunatosha sana aisee.

Mavazi ni jambo dogo, beba sweta hata kama mchana kuna jua, mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na jioni baridi inashuka haraka. Jumapili maduka mengi yanafungwa kwahiyo mafuta na chakula malizana navyo Jumamosi. Na ukikuta mtu anakwambia nenda Juni ukaone lile igizo kubwa la usiku pale kilimani, lilianza 1967 likaisha 2019, usipange likizo kwa ajili yake.

Sasa jambo ambalo mimi naona ndo la muhimu kuliko yote, usiende bila kuijua historia, maana utapiga picha ya jengo zuri tu utaondoka. Wamormoni walifika hapo Novemba 1849, watu kama 224 wakiongozwa na Isaac Morley, na hawakufika kwa kubahatisha, chifu wa Waute, wenyeji asilia wa eneo hilo, aliyeitwa Wakara ndiye aliyewakaribisha waje wakae bondeni Sanpete. Wakafika baridi imeshaanza, nyumba hawana, wakachimba mashimo ubavuni mwa kilima upande wa kusini wakaishi humo na watoto wao, theluji ikajaa, ng'ombe wakafa wengi mno. Alafu majira ya joto yalipokaribia wakajua kilima kina wenyewe, nyoka wa sumu, wale ambao mkia wao unalia kama kayamba, wakaanza kutoka mapangoni kwa mamia, wanakutwa kwenye vitanda, kwenye makabati, watu wanawaua usiku kwa mwanga wa mienge. Simama pale chini upande wa kusini uangalie juu, ujiulize wewe ungebaki?

Walibaki. Lakini hapa tafadhali usiishie kwenye ushujaa wao tu, maana Wakara, mwenyeji aliyewakaribisha, kufikia mwaka 1853 alikuwa anapigana nao, ardhi na wanyama wa kuwinda vinakwisha, na Aprili 1865 hapohapo Manti, Waute wana njaa, wamekutana na walowezi kuzungumzia ng'ombe waliochukuliwa, mlowezi mmoja akamvuta kijana wa Kiute akamwangusha toka juu ya farasi. Ikawa vita ya Black Hawk, jina la kiongozi wa Kiute aliyepigana nao, miaka na miaka, vijiji vingi vya walowezi vikahamwa na Waute wengi wakaishia kuhamishiwa mbali na bonde lao. Kwangu mimi hiyo ni sehemu ya ziara sawasawa na minara ya hekalu.

Minara yenyewe sasa. Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, aliweka wakfu eneo la hekalu Aprili 1877, miezi michache kabla hajafa, na ujenzi ukaisha 1888. Mchoraji ramani ni William Folsom, mafundi wengi walikuwa wahamiaji wa Skandinavia, na humo ndani kuna ngazi za kuzunguka zinazopanda bila nguzo ya katikati. Mnara wa mashariki ni karibu mita 55, utauona ukiwa bado mbali barabarani.

Ila jiandae kutembea mjini pia, usikae kilimani tu. Jiwe la hekalu lilichongwa palepale kilimani, ni jiwe la chokaa la rangi ya krimu, na zipo nyumba za zamani mitaani zilizojengwa kwa jiwe la aina hiyohiyo. Lisogelee uliangalie kwa karibu, utaona limeundwa na vipunje vidogo vya mviringo vimeshikana, kama uwele. Kilima kile chote, chenye nyoka, mashimo ya ile baridi ya kwanza na hekalu, ni vipunje hivyohivyo.