Mtoto akichemka usiku: dawa unampimiaje?

Wamama wenzangu wa Masasi na Newala, msimu huu wa korosho tunashinda shambani, mtoto akichemka usiku tunashika chupa yoyote iliyobaki kabatini. Hapo ndo balaa.

Kwanza jua kilo zake, ziko kwenye kadi ya kliniki, maana dozi ya mtoto inaenda na uzito. Mfano parasetamo ya maji, ile ya miligramu 120 kwa mili (mililita) 5, mtoto wa kilo 10 anapata mili 5, unarudia baada ya masaa 4 hadi 6 na isizidi mara 4 kwa siku. Soma lebo jamani, chupa hazilingani nguvu.

Kijiko cha nyumbani achana nacho. Mi nilipima changu kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe!) kikaingia mili 3, cha shangazi karibu 6, sasa hapo nani anampa mtoto dozi? Bomba liweke pembeni ya shavu, sukuma taratibu asipaliwe.

Dawa ya mseto, ile ya malaria, akiitapika kabla ya nusu saa, mrudishie dozi nzima. Akiharisha ni ORS (ile pakti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na zinki siku 10, chini ya miezi 6 nusu kidonge cha miligramu 20. Aspirini usimpe kabisa.

Kichanga chini ya miezi 2 akiwa na homa usijaribu kitu, ini na figo zake bado changa, panda bodaboda uende hospitali usiku huohuo.