Nyani na lanchi boksi yako

Mnaotoka Arusha kwenda Manyara au Ngorongoro, mkisimama kula au kuchimba dawa, fungeni vioo na paa la gari kabla hamjashuka. Nyani wa maeneo hayo wamezoea watu, na lanchi boksi wanaijua kwa sura. Pakiti ya biskuti ndiyo usiseme: ukiichakarisha tu, yupo juu ya boneti. (Wanaowarushia ndizi ili wapige picha ndio waliotufikisha hapa.)

Akikusogelea, usimkazie macho; kwake huo ni ugomvi. Dume akipiga mwayo hana usingizi, anakuonyesha chonge zake, na ni ndefu kweli. Mtoto mbebe, rudi nyuma taratibu ukiwa wima. Kukimbia hapana.

Akishaukamata mfuko, mwachie. Ila pasipoti na simu visikae pamoja na chakula, maana hachagui, anapanda na vyote mtini.

Aking'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Kichaa cha mbwa hakingoji mmalize safari.