Kujipandikiza mbegu za kiume nyumbani: hatua kwa hatua

Wengi wanaokuja kwangu na jambo hili huanza kuuliza bomba la sindano: la ukubwa gani, linaingizwaje, walale vipi. Mimi huwarudisha kwenye kalenda. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Likikupita, ustadi wa mkono hausaidii kitu mwezi huo.

1. Vipimo kwanza

Mwenye mbegu apimwe VVU, kaswende, homa ya ini B na C, kisonono na klamidia. Maambukizi ya juzi huenda yasionekane leo, kwa hiyo arudie baadaye, na katikati hapo asijiweke hatarini. Akiwa rafiki na si mwenzi wako, muoneni mwanasheria mapema, kwani katika nchi nyingi sheria inaweza kumhesabu kuwa baba hata mkiandikishana.

Kwa wenzi ambao mke ana VVU na mume hana, naipenda sana njia hii: mnatafuta mtoto bila mume kuwa hatarini. Mke asiache dawa zake.

Nawe anza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla.

2. Ijue siku yako

Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *ijayo*. Mwenye mzunguko wa siku 35 akihesabu 14 kuanzia hedhi iliyopita, atawahi kwa wiki nzima.

Kagua ute wa ukeni kila siku. Kwa kawaida huwa mzito na hukatika upesi. Siku zikikaribia huwa mwepesi, unateleza, unang'aa kama ute wa yai bichi. Ukiuvuta kati ya kidole gumba na cha shahada unanyooka bila kukatika. Hapo anza kupima mkojo kwa vijiti vya homoni ya LH, ile inayopanda yai likikaribia kutoka. Mstari wa kipimo ukikolea kama ule wa kulinganishia au kuuzidi, yai litatoka ndani ya saa 24 hadi 36 hivi. Pandikiza siku hiyo, rudia kesho yake. Usisubiri joto la mwili lipande, maana hupanda yai likiwa limeshatoka.

3. Mbegu

Mwanamume akae siku 2 hadi 5 bila kutoa manii, kisha ayakinge kwenye kikopo safi, kikavu. Mate, sabuni na mafuta ya kulainisha huumiza mbegu. Yaache dakika 15 hadi 30 yawe mepesi, kwenye joto la chumba. Usiweke kwenye friji wala usipashe moto. Yatumike ndani ya saa moja.

4. Kupandikiza

Chukua bomba jipya la mililita 5 au 10, lisilo na sindano. Vuta manii taratibu, lielekeze juu, toa hewa yote. Lala chali, mto chini ya nyonga, liingize ukeni polepole na usukume kidogo kidogo.

Usipitishe kitu chochote kwenye mlango wa kizazi. Manii yasiyosafishwa maabara yakiingia kwenye mfuko wa uzazi huleta maumivu makali na maambukizi, na hewa ikiingia humo inaweza kuua.

Majimaji yakitoka ukisimama, usihuzunike, ni kawaida.

5. Baada ya hapo

Pima mimba baada ya wiki 2. Homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu: hospitali siku hiyohiyo. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 kwa mwenye miaka 35 na zaidi, onaneni na daktari wa uzazi, na mbegu za mwanamume zipimwe pia.