Kelele kwenye hedseti ya ndege ndogo: tafuta kwanza mlango inakoingilia

Cessna 206 moja ililetwa hanga kwetu Mwanza ikiwa na hedseti mbili mpya kabisa. Rubani wake alikuwa amezinunua kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, na alikuja amechoka.

"Fundi, nimebadilisha hedseti mara mbili, bado inavuma."

"Pole, kapteni. Inavuma hata injini ikiwa imezimwa?"

Akakaa kimya. Hakuwahi kusikiliza injini ikiwa imezimwa. Tulikuja kukuta shida ni kiwasha cha fiba (washer, kipete bapa cha kuwekwa chini ya nati) chenye upana wa kucha ya kidole gumba. Nitakirudia mbele.

Ninaandika mwongozo huu kwa mafundi wanaoanza na kwa marubani wanaotaka kumweleza fundi jambo linaloeleweka. Rubani anayevuka ziwa kwenda Rubondo au Bukoba anakaa juu ya maji muda mrefu, na ndege nyingine anazijua kwa kusikia zinavyojitaja redioni kabla hajaziona kwa macho. Akikosa neno moja kwa sababu ya mvumo, amekosa mahali ndege ile ilipo. Kwa hiyo kelele ya hedseti ni hitilafu kamili, iandikwe na itafutwe kama hitilafu nyingine yoyote.

Jambo moja ulibebe tangu mwanzo: kelele ina milango mitatu tu ya kuingilia. Inaingia kwa antena, au kwa waya wa umeme unaolisha redio, au kwa nyaya za sauti kati ya redio, intakomu (mfumo wa kuongea ndani ya ndege) na hedseti. Usinunue chujio la kelele, usibadilishe alteneta (inayozalisha umeme injini ikizunguka), usifungue paneli kabla hujaujua mlango.

Andaa mita ya kawaida ya fundi, hedseti nyingine unayojua ni nzima, redio ndogo ya betri yenye masafa ya AM, kalamu na daftari.

Hatua ya 1: sikiliza, kisha andika

Kaa kwenye kiti cha rubani, washa swichi kuu na redio, injini ikiwa imezimwa. Vaa hedseti. Kuna kelele? Kama ipo, alteneta na magneto (zinazotoa cheche za injini) hazihusiki, maana zote mbili zimelala. Umeshapunguza nusu ya kazi na hujashika bisibisi.

Kisha injini iwashwe na rubani au fundi mwenye ruhusa, ndege imefungwa magurudumu, watu wako mbali na propela. Sikiliza tena na uandike kelele inavyolia. Ukizoea, kila chanzo kina sauti yake.

Mlio mwembamba kama wa mbu unaopanda injini ikiongezwa na kushuka ikipunguzwa ni wa alteneta.

Mkwaruzo unaokatikakatika, unaokwenda haraka kadiri injini inavyozunguka, unatoka kwenye mfumo wa kuwasha cheche, yaani magneto na nyaya zake.

Mlio unaopanda taratibu, ukakatika kwa "tak", kisha ukaanza upya, ni wa taa za kumetameta za ncha za mabawa. Ni sauti ya kapasita inayojazwa na kumwagwa kila taa inapopiga. Zima swichi ya taa hizo. Ukinyamaza, umemaliza kutafuta. Lakini usifungue boksi lake mara moja, humo ndani kuna mamia ya volti zinazobaki hata baada ya kuzima.

"Trr-trr-trr" ya haraka, kisha kimya, kisha tena, ni simu ya mkononi inayotafuta mnara. Katikati ya ziwa, mbali na minara ya ufukweni, simu hupaza nguvu yake ili ifike, ndiyo maana marubani wanaisikia zaidi huko kuliko wakiwa uwanjani. Zima simu zote, za abiria pia.

Mvumo wa kudumu unaofungua skwelchi (kidhibiti kinachoinyamazisha redio pasipo mtu anayeongea) na kufunika masafa fulani tu, mengine yakiwa safi, mara nyingi unatoka kwenye chaja ya simu iliyochomekwa kwenye soketi ya sigara, au kwenye taa ya LED ya bei ndogo. Hivi vyote hubadilisha umeme kwa kuukata mara maelfu kwa sekunde, na mikato hiyo inaruka hewani. Redio za ndege ndogo hufanya kazi kati ya megahezi 118 na 137 kwa mtindo wa AM, na AM hupokea mikwaruzo ya aina hii bila kuchuja. Chomoa chaja kabla ya jambo lingine lolote. Nimeona watu wakishusha redio nzima kutoka kwenye paneli wakati chaja inawaka taa ya buluu pembeni yao.

Hatua ya 2: badilisha hedseti, lakini kwa akili

Chomeka hedseti nzima kwenye tundu la rubani, kisha ile unayoishuku ipeleke upande wa pili. Kelele ikihama na hedseti, ubovu ni wa hedseti. Ikibaki na kiti, ubovu ni wa ndege. Jaribio hili ni la dakika mbili na lingemwokolea yule kapteni fedha za hedseti mbili.

Kama ni hedseti, angalia betri yake kwanza ikiwa ni ya aina ya kuzima kelele kwa umeme. Betri ikikaribia kufa hutoa mlio wa ajabu. Baada ya hapo shika waya karibu na pini na karibu na kikombe cha sikio, ukunje taratibu huku unasikiliza. Waya hukatika hapo, mara chache sana katikati. Pini nazo zifute. Hewa ya ziwa letu haina chumvi kama ya Dar es Salaam, lakini unyevu wa alfajiri unatosha kuifanya shaba ya pini iwe nyeusi, na weusi huo ni ukinzani. Kitambaa safi na dawa ya kusafishia kontakti vinatosha. Msasa usiuguse, unakwangua utandu wa juu na pini itachafuka upesi zaidi.

Hatua ya 3: uliza mlango

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usikimbie.

Kelele ikiwa inasikika, shusha sauti ya redio hadi sifuri. Kama kelele imebaki vilevile, inaingia baada ya redio: kwenye intakomu, nyaya za sauti au matundu ya hedseti. Nenda hatua ya 4.

Kama imeshuka pamoja na sauti, inapita ndani ya redio. Sasa fungua skwelchi na uchomoe waya wa antena nyuma ya redio. Wakati huo hakikisha hakuna mkono karibu na kitufe cha kurushia sauti redioni, kwa sababu kurusha bila antena kunaweza kuunguza redio. Kelele ikikatika, ilikuwa inaingia kwa antena. Ikibaki, inapanda kwa waya wa umeme.

Inayoingia kwa antena inatafutwa kwa kufuata hewa. Chukua ile redio ndogo ya betri, iweke AM mahali pasipo na stesheni, ipitishe taratibu kwenye paneli, kando ya nyaya, chini ya viti. Itapiga kelele zaidi ukikaribia chanzo. Injini ikiwa inawaka, pima ukiwa ndani ya chumba cha rubani tu.

Kwa magneto, sikiliza wakati rubani anafanya ukaguzi wa kawaida wa magneto. Swichi ikiwa L (kushoto tu), magneto ya kulia imezimwa. Kelele ikinyamaza hapo, mkosaji ni ya kulia. Ikinyamaza kwenye R (kulia tu), ni ya kushoto. Mara nyingi utakuta wavu wa shaba unaozunguka ule waya wa kuzimia magneto umekatika kwenye mwisho wake, au nyaya za plagi zimechakaa kinga.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Waya wa kuzimia ukikatika au ukichomolewa, magneto haizimiki tena. Swichi itaonyesha imezimwa, ufunguo utakuwa mfukoni mwako, na propela ikisukumwa kwa mkono injini inaweza kuwaka. Ukishagusa waya huo, chukulia propela iko hai, weka kibao cha onyo, na usimruhusu mtu yeyote aisogeze, hata kijana wa kuosha ndege.

Inayopanda kwa waya wa umeme mara nyingi ni alteneta. Ndege ikiwa chini, injini inazunguka taratibu, zima upande wa alteneta kwenye swichi kuu. Kelele ikikatika, umeipata. Lakini alteneta nzima haipigi kelele sana. Ndani yake kuna dayodi sita zinazonyoosha umeme, na moja ikifa, mawimbi yanapita hadi kwenye redio. Pima volti za AC kwenye njia kuu ya umeme na ulinganishe na ndege nyingine ya aina ileile. Angalia pia waya wa ethi kati ya injini na fremu ya injini. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila ule mkanda wa shaba haina njia nzuri ya kurudishia umeme, na umeme utatafuta njia nyingine, ikiwemo ganda la nyaya za sauti. Chujio liwe la mwisho. Kuweka chujio juu ya dayodi iliyokufa ni kumficha mgonjwa.

Hatua ya 4: matundu na ethi

Sasa kile kiwasha. Kwenye ndege zetu nyingi matundu ya hedseti yamefungwa kwenye bati la paneli, lakini hayatakiwi kuligusa bati. Kila tundu limekaa kati ya viwasha viwili vya fiba, kimoja chenye shingo kinachoingia kwenye shimo la bati na kingine bapa nyuma yake. Ethi ya sauti inatakiwa irudi kwa waya wake hadi sehemu moja tu, kwenye intakomu au redio. Tundu likigusa bati, sauti inakuwa na ethi mbili, na tofauti ndogo ya volti kati ya ethi hizo inasikika masikioni kama mvumo.

Kwenye ile 206 nilifungua nati ya tundu la maikrofoni upande wa rubani. Kiwasha chenye shingo kilikuwa kimepasuka, nusu yake imebaki paneli, nusu imeshikamana na nati, na ukingo wa bati ulikuwa unang'aa pale chuma kilipokuwa kinasugua. Kila rubani alipochomeka pini, tundu lilicheza na kugusa. Ndiyo maana siku nyingine ilivuma na siku nyingine ikanyamaza.

Kupima, usiweke mita kati ya tundu na bati huku nyaya zimeunganishwa. Itakuonyesha ethi tu, maana nyaya zenyewe zinafika kwenye ethi. Chomoa waya wa ethi wa tundu kwanza, halafu pima. Mita ikionyesha njia wazi, kiwasha kizima. Ikionyesha omu chache, kimekufa. Kumbuka tundu la maikrofoni ni jembamba kuliko la kusikilizia, kwa hiyo hakikisha viwasha vinalitosha tundu lenyewe. Vya kulazimisha hupasuka tena.

Ukiwa hapo, fuata wavu wa kinga wa kila waya wa sauti. Uwe umefungwa ethi upande mmoja tu. Kama kuna fundi aliyetangulia akaufunga pande zote mbili kwa nia njema, fungua mmoja. Ukisikia muziki wa stesheni ya FM hedsetini hata sauti ya redio ikiwa sifuri, tafuta wavu uliokatika hapahapa. Waya usio na kinga umegeuka antena.

Hatua ya 5: kelele inayokuja ukirusha tu

Hii ina tabia yake. Unabonyeza kitufe, hedseti inapiga mluzi, ukiachia inanyamaza. Au wewe husikii kitu, lakini mwongoza ndege analalamika kwamba sauti yako ina mvumo. Nguvu ya redio yako mwenyewe inarudi kwenye maikrofoni. Angalia kiungo cha waya wa antena kama wavu wake umeshika, kisha fungua antena yenyewe juu ya paa. Chini yake pawe na chuma kitupu kinachogusana na mwili wa ndege. Tunakuta rangi, gundi iliyozidi, na unga mweupe wa alumini iliyoliwa na maji yaliyopenya. Ethi nzuri hapo ni sehemu chache za elfu za omu, na mita ya kawaida haiwezi kuzipima, kwa hiyo safisha hadi chuma king'ae, funga, kisha ziba pembeni maji yasiingie.

Ukimaliza

Washa kila kitu kwa pamoja: taa zote, alteneta, redio zote mbili. Sikiliza injini ikiwa taratibu, kisha kwenye mizunguko ya ukaguzi wa magneto. Omba mnara usome sauti yako. Kazi iliyogusa magneto, antena au nyaya za ndege iandikwe kwenye kitabu cha ndege na kusainiwa na mhandisi mwenye leseni inayotambuliwa na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), hata kama kilichobadilishwa ni kiwasha kimoja. Andika kelele ilivyolia, mlango ilioingilia, na ulichokuta. Kwenye ile 206 niliandika mistari mitatu, nikabadilisha viwasha vya matundu yote manne ya mbele kwa sababu vilikuwa vya umri mmoja, na kapteni akaruka kwenda Bukoba asubuhi iliyofuata akiwa na hedseti yake ya zamani.