Jinsi ya kusoma bei za ratili na kilo sokoni Uingereza

Ukiona kibao kimeandikwa "lb" usidhani unaibiwa, hiyo ni ratili, ile ile waliyokuwa wanapimia babu zetu. Tangu 1 Januari 2000 sheria inataka matunda na mboga za kupima ziuzwe kwa kilo, ila wafanyabiashara kibao waligoma. Steve Thoburn, muuza ndizi wa Sunderland, mizani yake ilibebwa na 2001 akakutwa na hatia, na rufaa akashindwa. Mi naona walimuonea kwa kweli, kesi ya jinai kwa ajili ya ndizi jamani! Bei ya ratili inaruhusiwa kuwekwa pembeni ya ile ya kilo, ila maandishi yake yasiwe makubwa kuyazidi ya kilo.

Sasa hesabu. Ratili moja ni gramu 454, kwahiyo chukua bei ya ratili zidisha mara 2.2 unapata ya kilo. Mfano tufaha meza hii pauni 1.10 kwa lb, meza ya pili pauni 2.10 kwa kilo, macho yanakimbilia ya kwanza lakini piga hesabu, inakuja pauni 2.42 kwa kilo, so nenda ya pili.

Ukisita mwambie tu akupimie kilo, na uangalie mzani mwenyewe kabla hajafunga mfuko.

Bia ya baa bado ni painti, mililita 568, na barabarani ni maili, kibao cha 30 ni kama kilomita 48, hivyo usikanyage mafuta ukidhani unatambaa.