Kabla hujasema "nimekosa", itaje sado

Nauza karanga na uwele sokoni Majengo, hapa Dodoma. Kila Jumapili tunasoma ungamo la pamoja, nami kwa miaka mingi nililisoma bila kukwama. Mawazo, maneno, matendo, vyote kwa mkupuo. Jumatatu narudi kwenye sado yangu, kile kindoo cha kupimia, ambayo kitako nilikipasha moto nikakibonyeza kwa ndani. Mteja anaona karanga zimefura juu, kumbe chini pana kilima.

Ukitaka kuujua udhaifu wako, usianze na kosa kubwa. Anza na lile ambalo jibu lake unalo tayari. Langu lilikuwa "sokoni wote ndivyo wanavyofanya", na lilinitoka kabla hata sijaulizwa.

Jioni, kabla ya kuhesabu hela, chukua jambo moja la siku hiyo ulitaje kwa vitu vyake: sado, karanga, yule mama mjamzito wa Chang'ombe aliyechukua mbili. Usiseme "sisi wanadamu ni dhaifu", huko ni kujificha kwenye kundi. Petro, jogoo alipowika, hakuwalilia wanadamu. Alililia neno alilomjibu kijakazi pale kwenye moto.

Halafu chimba chini yake, na hapa usikimbilie. Mimi nilidhani nitakuta tamaa, nikakuta njaa. Bibi yangu alikuwa msichana wakati wa Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, majeshi yalipochukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua nayo ikakataa. Mpaka anazeeka alificha kibuyu cha uwele uvunguni, na akitupakulia ugali mkono wake ulikuwa mzito. Huku kwetu msimu ni mmoja, ukiharibika hakuna mwingine wa kusubiri. Hofu ile nimeirithi kama nilivyorithi pua yake.

Ukishafika hapo, tenganisha. Kosa lina dawa: Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, wala hakusubiri ajisikie vizuri kwanza. Udhaifu ni kitu kingine. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondoke, haukuondoka, akaambiwa neema inamtosha (2 Wakorintho 12). Wengi wetu tunageuza: tunakesha tukimwomba Mungu atuondolee kosa ambalo tungeliacha wenyewe kesho asubuhi, huku tukijipiga kifua kwa hofu tuliyozaliwa nayo. Mimi kwa sado nilikesha mara mbili! Sado mpya niliinunua dakika tano tu.

Wateja ninaowakumbuka nawaongezea konzi mbili juu. Wanashukuru, wanajua ni nyongeza. Kuwaambia ukweli bado mdomo haufunguki, na hilo sasa ndilo ninalolitaja jioni.

Msimu uliopita mvua ilipochelewa, nilijikuta nimeipindua ile sado mpya, nakipapasa kitako kwa kidole gumba.