Ukitaka kuandika maisha ya Beckett, anza na karatasi ya alama

Mpwa wangu alipewa kazi chuoni: aandike wasifu wa mwandishi wa riwaya aliyewahi kuwa mwanamichezo. Akaja kwangu kwa kuwa mimi ndiye mjomba anayejua kriketi. Kila Jumapili kwa miaka 19 nimekaa kivulini hapa Dar es Salaam, penseli mkononi, nikiandika alama za mechi. Nikampa Samuel Beckett, mwandishi wa Ayalandi aliyeshinda Nobel ya fasihi. Nawe kama una kazi ya namna hiyo, fuata nilivyomwelekeza.

Usianze na Nobel. Kila mtu huanza huko, halafu kriketi anaiweka pembeni kama chachandu. Chukua daftari uandike namba nne: 18, 12, 4, 1. Hiyo ndiyo mikimbio, yaani alama, aliyopata Beckett mpigaji katika mechi za daraja la kwanza, ngazi ya juu ya kriketi. Alicheza mbili, zote mjini Northampton, Uingereza, dhidi ya timu ya jimbo la Northamptonshire, moja 1925 na nyingine 1926, akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Dublin, yaani Trinity. Kriketi ya aina hiyo kila timu hupewa zamu mbili za kupiga, ndiyo maana mechi mbili zinazaa namba nne.

Sasa piga hesabu mwenyewe, usinakili ya mtu. Jumla ni mikimbio 35. Wastani wa mpigaji haupatikani kwa kugawanya kwa idadi ya mechi, bali kwa mara alizotolewa. Anayebaki amesimama wenzake wakiisha hahesabiwi kuwa ametolewa. Beckett alitolewa mara zote 4, kwa hiyo 35 kwa 4, unapata 8.75. Mpwa wangu alikuwa amegawanya kwa 2, akapata 17.5, akachekelea. Nikamwambia, binti, umempandisha mtu cheo na mwenyewe hayupo kukushukuru.

Hiyo 8.75 iache ilivyo. Ni ndogo. Wisden, kitabu cha mwaka cha kriketi kinachotoka Uingereza tangu 1864, kinamtaja kama mpigaji wa kufungua wa mkono wa kushoto. Mpigaji wa kufungua ndiye anayeingia mpira ukiwa bado mpya, mgumu, unang'aa, mrushaji naye hajachoka. Kazi yake kubwa ni kutotoka. Kwa mtu wa kazi hiyo, 8.75 haisifiwi. Lakini imemwingiza Wisden, na hakuna mshindi mwingine wa Nobel ya fasihi mwenye rekodi ya daraja la kwanza humo. Andika yote mawili, moja baada ya jingine, usiweke neno la kulainisha katikati.

Chunga na jina la timu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwenye kijarida cha klabu kwamba alichezea Ayalandi. Mzee mmoja akaninong'oneza wakati wa chai, nikatamani ardhi ipasuke. Ni timu ya chuo.

Baada ya hapo ndipo utaje alikozaliwa: Foxrock, nje kidogo ya Dublin, tarehe 13 Aprili 1906. Shule ya bweni ni Portora, Enniskillen, na huko pia alicheza kriketi. Trinity aliingia 1923, akasoma Kifaransa na Kiitaliano. Sentensi mbili zinatosha.

Penye utajiri ni miaka aliyokwisha weka gongo la kriketi chini na kitabu bado hakijakubalika. Hapo usikimbie. 1928 alikwenda Paris kufundisha, akafahamiana na James Joyce, mwandishi mwenzake wa Ayalandi. Akarudi Trinity kuwa mhadhiri, hakudumu, akaacha. Riwaya yake Murphy ilikataliwa na wachapishaji wapatao 40 kabla ya kutoka 1938. Januari ya mwaka huohuo alichomwa kisu kifuani barabarani Paris, akapona. Vita vilipokuja alijiunga na wapinzani wa siri wa Wajerumani. Kundi lao liliposalitiwa 1942 akatorokea kijiji cha Roussillon, kusini mwa Ufaransa, na huko akaendelea na riwaya nyingine. Baada ya vita akaanza kuandika kwa Kifaransa. Wasifu wenye kurasa tano, nusu yake iwe hapa.

Kuna mtego mmoja, nao mpwa wangu aliuingia mzimamzima. Aliandika kwamba kusubiri mpira uwanjani ndiko kulikomfundisha kuandika kuhusu watu wanaosubiri, kama wale wa tamthilia yake Waiting for Godot. Inapendeza kwa sikio, ila ushahidi uko wapi? Nikaichora mstari. Wapigaji wangapi wamesubiri mpira wakaishia kuuza vipuri? Mweke mpigaji ukurasa huu, mwandishi ukurasa ule, msomaji mwenyewe atawakutanisha akitaka.

Nobel ya 1969 ipe mstari mmoja karibu na mwisho: habari zilimkuta Tunisia, na Stockholm hakwenda; mchapishaji wake, Jérôme Lindon, ndiye aliyeipokea. Kisha Paris, tarehe 22 Desemba 1989, na kaburi la Montparnasse.

Sentensi ya kwanza iandike mwisho kabisa. Mpwa wangu alibomoa tatu. Ya nne aliniletea usiku, imeandikwa nyuma ya risiti ya daladala: "Mwaka 1926, mjini Northampton, Samuel Beckett alipata mkimbio 1, akatoka." Nikamsahihishia tahajia ya Northampton, nikamrudishia.